Miaka Sita ya Kiingereza

Fomu ilikuwa juu ya meza, na mwandiko ulikuwa wa Sakhidad mwenyewe. Hakuna wa kumsingizia. Herufi kubwa kubwa, zimesimama wima kama vigae ukutani, maana Kiingereza alijifunza kukiandika ukubwani, akinakili maneno ya kwenye mifuko ya gundi. Bi. Petrou, mwalimu anayepanga masomo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliigeuza ile fomu imwelekee, akaweka kidole kwenye mstari wa tisa.

"Hapa, Bwana Sakhidad. Lugha aliyofundishiwa mtoto kabla ya kuja Australia. Umeandika Kiingereza, miaka sita."

"Ndiyo."

"Ni kweli?"

Sakhidad akatazama magoti yake. Suruali ya kazi ilikuwa na saruji iliyokauka, na kila akijisogeza unga wake unadondoka kwenye zulia la watu. Swali kama hilo, kweli au si kweli, mtu haulizwi mbele ya mtoto wake.

"Shule ya Kiingereza," akasema. "Shule nzuri. Ya kulipia."

"Baba, mwambie tu," Shekiba alisema kwa lugha ya nyumbani, huku akiangalia dirishani.

Bi. Petrou alivua miwani akasugua macho. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimepoa tangu asubuhi. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi wiki hiyo. Mwaka ujao Shekiba anaingia darasa la kumi na mbili, na Kiingereza ni lazima kwa kila mwanafunzi. Kiko cha namna mbili. Kimoja ni cha wote. Kingine ni cha lugha ya pili: vitabu vichache, na mtoto anapimwa pamoja na wenzake waliojifunza lugha hiyo ukubwani. Katika mazoezi ya hicho cha pili Shekiba alipata sabini. Katika cha wote, thelathini na nane.

"Na uuguzi anaoutaka, kwa thelathini na nane haendi," akasema Bi. Petrou.

"Basi mpe cha pili."

"Mimi sigawi. Bodi ndiyo inayogawa. Sheria inasema mtoto asiwe amekaa nchini zaidi ya miaka saba. Hapo yuko salama, ana minne. Lakini pia asiwe amefundishwa kwa Kiingereza, popote duniani, zaidi ya miaka saba. Minne ya hapa, na sita hii uliyoandika wewe. Jumla kumi."

Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Iliwekwa ili mtoto aliyekulia ndani ya Kiingereza asijifiche kati ya wageni akawapita kwa mbio za bure. Ila aliyeitunga hakuwahi kukanyaga Quetta alikotoka Sakhidad, kwenye mtaa wa watu wa kabila lake, Wahazara, ambako kila kibanda chenye madawati ishirini kina kibao kinachosema hapa tunafundisha kwa Kiingereza, na mzazi asiyepeleka mtoto kwenye kibao kama hicho majirani humwonea huruma.

Siku ile alipoijaza fomu, miaka minne iliyopita, Sakhidad alikuwa ameishi Dandenong miaka minane peke yake, na wiki moja na mkewe na bintiye. Kila mwezi wa miaka sita kati ya hiyo alikuwa ametuma ada ya shule ile. Alipofika mstari wa tisa alidhani ni kama kuulizwa habari za chanjo: ukisema ndiyo, mlango unafunguka. Akaandika kwa fahari, na karani akamwambia vizuri sana, naye akaenda na neno hilo hadi nyumbani.

"Kuna njia," Bi. Petrou alisema. "Barua kutoka shule ya kule, iseme alifundishwa kwa lugha gani hasa. Au madaftari yake ya zamani, watu waone. Na wewe uandike tamko la kiapo kwamba fomu hii ulikosea. Nina wiki tatu."

"Nilikosea," Sakhidad alisema. Kisha, kwa kuwa neno lilikuwa limetoka kwa sauti ndogo, akalirudia.

*

Zewar, mkewe, alikuwa akikanda unga wa bolani, mikate ya kujazwa viazi, aliposikia habari ya madaftari. Mikono ikasimama ndani ya beseni.

"Madaftari? Nilimwachia mke wa kaka yangu awashie tanuri."

"Yote?"

"Ulitaka niyabebe kichwani? Ndege inaruhusu kilo ishirini. Nilibeba vyeti. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu, beba vyeti, vyeti ndivyo wanavyovitaka wazungu."

Akaifuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya plastiki. Vilikuwa vyeti saba vyenye kingo za dhahabu. Shekiba wa kwanza darasani, Shekiba wa kwanza tena, Shekiba bingwa wa kusoma kwa sauti. Vyote kwa Kiingereza.

"Ficha hivyo," akasema Sakhidad.

"Nifiche vyeti vya mwanangu?"

"Vinamuua, mwanamke!"

"Vyeti havijamuua. Kalamu yako ndiyo iliyomuua. Mtu anaulizwa swali dogo, yeye anataka kuonekana mkubwa mbele ya karani!"

Shekiba alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea toshaki, godoro la kukalia, kamusi pajani. Akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Mama, unajua fizikia tuliisoma vipi? Mwalimu anasoma mstari wa Kiingereza, sisi tunaitikia. Anasema tena, tunaitikia tena. Halafu anafunga kitabu, anatueleza Kihazara kuhusu mtoto wa jirani yake aliyepigwa shoti ya umeme. Hicho ndicho Kiingereza changu. Naweza kukuimbia kitabu kizima mpaka leo, na sijui hata kilikuwa kinahusu nini."

"Hiyo ndiyo ukawaambie!" alisema baba yake. "Na wakikuita kukusikiliza, ongea polepole. Usiongee kama unavyoongea na rafiki zako."

"Nijifanye mjinga?"

"Sijasema mjinga. Nimesema polepole."

"Baba, nimekaa miaka minne najifunza kuongea ili wasinicheke kwenye foleni ya chakula. Sasa nisahau kwa siku moja, nikumbuke kesho yake?" Akafunga kamusi. "Junhao wa darasani kwetu amekuja juzi tu. Alisoma Shanghai kwa Kichina, ana walimu wawili wa nyumbani, anasoma vitabu vinene kuliko mwalimu. Yeye ameruhusiwa bila kuulizwa. Wala si kosa lake, anajituma yule. Lakini yeye baba yake aliandika ukweli."

Zewar akamtazama mumewe akangoja. Sakhidad akainuka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

*

Alimpigia Ustadh Qurbanali, mwenye shule, siku ya Jumanne saa nane mchana, maana kule ndio kwanza kengele ya asubuhi inalia. Alipiga simu akiwa amepiga magoti ndani ya bafu la nyumba mpya, nusu ya sakafu imeshapata vigae na nusu bado. Sauti ya mzee ilipiga mwangwi kwenye kuta kana kwamba wako watatu.

"Sakhidad mwanangu! Mwana wa marehemu Khadim! Afya? Nyumba? Mama Shekiba? Huyo bingwa wetu je?"

"Wote wazima, Ustadh, wanakusalimia, wanakubusu mikono. Na wewe mgongo unasemaje?"

Wakaulizana mpaka gundi ya vigae kwenye ndoo ikaanza kushika ukoko. Ndipo Sakhidad akakohoa.

"Ustadh, shule ya huku inaomba barua. Ni kuhusu lugha. Wanataka kujua mambo yalikuwaje, yaani, darasani, mlikuwa mnafundisha vipi."

"Lugha! Hilo tu?"

"Na iwe ya kweli, Ustadh. Vile ilivyokuwa hasa. Maana huku wao wanapenda… vile ilivyokuwa."

Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno likarudi. Mtu aliyemfundisha mwanao, aliyemlisha chai na mkate siku za mabomu wakati barabara zimefungwa, humwambii hukufundisha. Unazunguka, unagusa pembeni, na yeye kwa heshima yake anaelewa. Ndivyo watu wanavyoombana mambo kule kwao, na Sakhidad alizunguka vizuri sana.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema Ustadh Qurbanali. "Nipe anwani ya hiyo shule. Nitaiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo hii hii."

Sakhidad akakwangua gundi iliyoganda, akachanganya nyingine, akafanya kazi ile alasiri kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu baridi ianze.

*

Barua ilifika kwa mtandao, moja kwa moja kwa Bi. Petrou. Aliichapa karatasini akawaita. Haikuwa na haja ya kusomwa yote. Mhuri wake ulikuwa mkubwa kama kisahani cha kikombe, na ndani ya mhuri jina la shule limezungushiwa maneno yale yale ya kwenye kibao. Ustadh aliandika kwamba Shekiba binti Sakhidad alifundishwa masomo yote kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha kupigiwa mfano. Na kwamba shule yoyote duniani itakayompokea itakuwa na bahati.

"Nimelazimika kuiambatisha," akasema Bi. Petrou. "Imekuja kwa jina la shule hii, imeandikishwa kwenye daftari la barua. Siwezi kusema sikuiona."

"Alitaka kutusaidia," akasema Shekiba.

"Najua. Ni barua nzuri kuliko zote nilizopokea mwaka huu."

Safari hii Sakhidad hakuzunguka. Alisimama pale pale kwenye maegesho ya magari ya shule akapiga simu, Shekiba akiwa ndani ya gari, kioo kimeteremshwa, sauti ya simu ikimfikia.

"Ustadh, niwie radhi. Nilitaka uandike kinyume."

"Kinyume cha nini?"

"Kwamba hamkufundisha kwa Kiingereza."

Upande wa pili palisikika watoto wakiitikia kitu kwa pamoja, mstari baada ya mstari. Kisha mlango ukafungwa, sauti zikakatika.

"Sakhidad. Miaka sita ulilipa ada, hukuniuliza."

"Nilikuwa mbali."

"Mkeo alikuwa karibu. Wote walikuwa karibu. Mzazi gani wa mtaa huu asiyejua? Walitaka kibao, nikawawekea kibao. Ningeandika Kihazara, nani angemleta mwanawe?" Mzee akashusha pumzi. "Sasa nisikilize, mwanangu. Nina watoto kumi na tisa huko nje. London wako, Malaysia wako, na mji huo huo wenu yupo mmoja. Wamepokelewa vyuoni bila mtihani wa lugha, kwa barua hii hii, kwa mhuri huu huu. Nikiandika kwamba kwa Shekiba ilikuwa uongo, hao kumi na tisa niwaandikie nini?"

Sakhidad alihamishia simu sikio la pili.

"Ningekuwa nimekosa kwa mmoja, ningetubu leo," akasema Ustadh Qurbanali. "Nimekosa kwa wote, na wamejenga nyumba juu yake. Unataka nivute tofali la chini? Msalimie mtoto. Mwambie nakumbuka mwandiko wake."

Simu ikakatika. Sakhidad akaingia garini. Shekiba alipandisha kioo, na walipofika kwenye taa za barabara kuu akasema tu, "Huyo mmoja wa mji wetu ni yule dada Latifa, wa chuo cha uhandisi. Ana mtoto mchanga."

"Ndiyo," akasema baba yake. "Ndiye huyo."

*

Kikabaki kiapo. Katika nchi ile hati ya kiapo hushuhudiwa hata na mfamasia, kwa hiyo Jumamosi asubuhi Sakhidad alisimama kwenye foleni ya duka la dawa, kati ya watu wenye mafua, amevaa koti lake la harusi za watu. Karatasi aliiandika mwenyewe. Shekiba alitaka kumwandikia, akakataa. Alisema aliyeharibu kwa kalamu atengeneze kwa kalamu.

Mfamasia alikuwa kijana wa Kivietnamu mwenye haraka. Aliisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili akiwa amekunja uso.

"Samahani, baba. Hapa unaapa kwamba ulisema uongo?"

"Ndiyo."

"Huku nyuma bado kuna watu," akasema mwanamke mmoja.

"Lazima nikuulize kwa sauti, ndivyo utaratibu ulivyo. Yaliyoandikwa humu ni ya kweli?"

"Ya kweli," akasema Sakhidad. "Ni kweli kwamba yale yalikuwa uongo."

Mtu fulani nyuma akacheka kidogo. Sakhidad alikifahamu kile kicheko; akageuka, akamwona Haji Nowruz, mkuu wa kamati ya msikiti, ameshika vidonge vyake vya presha.

"Kumekucha, Sakhidad," alisema Haji Nowruz kwa Kihazara. "Watu huapa ili waaminiwe. Wewe unaapa ili usiaminiwe?"

"Ni mambo ya shule, Haji."

"Shule ya nani?"

Shekiba, aliyekuwa kando ya rafu ya dawa za meno, alimwona baba yake akifungua mdomo akaufunga. Angesema jina la shule pale, lingefika msikitini kabla ya adhuhuri, na kwa Latifa kabla ya alasiri.

"Ya huku huku," akasema Sakhidad. "Nilijaza vibaya. Unajua Kiingereza changu."

"Tulikwambia uje darasa la jioni," akasema Haji Nowruz, akampiga begani kwa huruma. Mfamasia akagonga mhuri, mdogo kama kucha.

*

Jibu lilikuja wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya joto la kwanza. Bi. Petrou hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa upande wao.

"Wamekataa. Wanasema shule aliyotoka imethibitisha kwa barua rasmi. Wanasema kiapo cha mzazi kinaeleweka, lakini mzazi ana faida yake ndani."

"Na ripoti yako, Mwalimu?" akauliza Shekiba.

"Kurasa mbili. Niliwaambia msichana huyu anasoma riwaya kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa saa moja. Wakanirudishia swali: mbona kwenye mahojiano amejieleza vizuri hivyo?" Akatabasamu bila kupenda. "Ulijieleza vizuri mno."

Sakhidad alimtazama binti yake. Hakumkumbusha kwamba alimwambia aongee polepole.

"Kuna rufaa, siku kumi na nne," Bi. Petrou akaendelea. "Lakini wanataka ushahidi mpya. Mtu mwingine wa shule ile, kwa mfano. Mwanafunzi mwenzake wa zamani, aliye hapa, aje aape kwamba walifundishwa Kihazara. Mnamjua yeyote?"

Nje kengele ililia, korido ikajaa miguu. Sakhidad alikunja kofia yake mara mbili, akaikunjua. Aliwaza uuguzi, akawaza sare nyeupe, akawaza mtoto mchanga wa Latifa ambaye hata jina lake halijui.

"Shekiba," akasema kwa Kihazara, "wewe ndiye mwenye kusema."

Shekiba alimgeukia Bi. Petrou. Kisha akasema kwa Kiingereza, kile kile kizuri kilichomponza, "Hapana, Mwalimu. Hatumjui mtu."

Bi. Petrou aliwatazama wote wawili. Mtu wa kazi ile hujua mlango unapofungwa kwa ndani. Hakusukuma.

"Basi ni cha wote," akasema. "Usipofikisha alama, kuna chuo cha wauguzi wasaidizi. Miaka miwili, halafu unaomba tena. Ni njia ndefu, lakini inafika." Akafungua kabati akatoa vitabu vinne, akaviweka mapajani mwa msichana kimoja kimoja. "Vya mwaka ujao. Anza sasa."

Garini Sakhidad alisema atamtafutia mwalimu wa Jumamosi. Wapo wazuri mtaa wa pili, wanachukua sitini kwa saa. Atafanya kazi Jumapili, yule Mmasedonia anayempa kazi ana nyumba sita zinangoja bafu.

"Baba."

"Nini?"

"Kiingereza hiki umeshakilipia mara moja. Kwa magoti hayo hayo."

"Basi nikilipie tena, kuna ajabu gani?"

"Hakuna ajabu," akasema Shekiba. "Umechoka tu."

Hakubisha.

Alasiri ile Shekiba alikaa sakafuni katikati ya chumba, kitabu cha kwanza mbele yake, kamusi kulia, penseli sikioni. Alipigia mstari neno, akafungua kamusi, akaandika pembeni Kihazara, akarudi, akapigia jingine. Baba yake alikuwa ameoga, amekaa ukutani na chai ya kijani, anamtazama. Mara moja msichana alisoma sentensi nzima kwa sauti, kwa mahadhi yale ya zamani ya kuitikia, akasita, akairudia polepole kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu.

Saa mbili zilipopita alikuwa bado ukurasa wa pili. Zewar alitoka jikoni na kitambaa cha kutandikia chakula sakafuni begani, supu inanukia nyuma yake. Akasimama juu ya binti yake, akaangalia zile alama za penseli zilizojaa ukurasa kama sisimizi. Hakumwambia aondoe kitabu. Alikunja kona moja ya kitambaa, akakitandika kukizunguka kitabu, akaanza kupanga mabakuli.